BIMA YA GARI HUMLIPA NANI?

Kila mtu hapa shuleni anajua kwamba gari lazima liwe na bima. Lakini ukiuliza bima hiyo humlipa nani, wengi watakujibu mbio, "Si aliyeumia!" Mimi pia nilidhani hivyo hadi mwaka jana, lori la mchanga lilipopinduka kwenye barabara ya Mutomo. Juu ya mchanga walikuwa wameketi kaka yangu, ambaye ni mpakiaji, na nyanya mmoja jirani yetu, ambaye sote humwita Susu. Yeye alikuwa ameomba lifti, yeye na gunia lake la ndengu. Kaka alivunjika mkono, Susu akavunjika nyonga. Ajali ilikuwa moja, lakini mbele ya sheria wawili hao hawakuwa kitu kimoja hata kidogo.

Hebu tuanze na sheria yenyewe. Bima ambayo kila gari hapa Kenya lazima liwe nayo inatokana na Sura ya 405, sheria iliyoanza enzi za ukoloni. Inaitwa bima ya mtu wa tatu. Mwenye gari ni wa kwanza, kampuni ya bima ni ya pili, nawe uliyegongwa ukienda zako sokoni Wote ndiwe wa tatu. Sasa sikiliza vizuri: kuumia tu hakutoshi. Ni lazima ionekane kwamba dereva alikosea. Kama nawe ulikosea, pengine ulivuka bila kuangalia au ulikuwa kwenye matatu bila kufunga mkanda, korti hukukata sehemu ya fidia. Na hata ukishinda, sheria hailazimishi bima kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja.

Ziko nchi ambazo hazina maneno mengi. Huko New Zealand, tangu 1974, aliyeumia katika ajali husaidiwa bila kuulizwa kosa lilikuwa la nani, hata akiwa mgeni wa kutembea tu. Jimbo la Quebec kule Kanada lilifanya vivyo hivyo kwa ajali za magari mwaka wa 1978. Sisi bado tuko kwenye "nani alikosea?"

Tumrudie Susu. Sheria inalazimisha bima ya abiria kwa magari yanayobeba watu kwa malipo, yaani matatu, basi na hata bodaboda, na kwa mtu anayebebwa kwa sababu ya kazi yake. Aliyepewa lifti ya bure kwenye lori au pikapu hayumo. Anaweza kumshtaki mwenye gari, ndiyo, lakini bima hailazimiki kumlipa. Nasi huku Ukambani tunajua jinsi watu wanavyopanda malori siku ya soko! Nilipoelezwa jambo hili nilinyamaza kabisa, kwa maana mimi mwenyewe nimepanda mara nyingi nikitoka shule.

Kaka naye alikuwa na njia nyingine. Iko Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, na hiyo ndiyo inayokaribia ile ya New Zealand. Mfanyakazi akiumia kazini hulipwa bila kuthibitisha kwamba kuna aliyekosea, mradi tu hakujiumiza kwa kusudi. Gharama za matibabu ni za mwajiri. Mwenye lori alijaribu kusema, "Huyo si mfanyakazi, ni kibarua tu, hana barua." Lakini sheria haidai barua; mapatano ya mdomo yanatosha. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa ofisi ya usalama na afya kazini kabla siku 7 hazijaisha, na mfanyakazi adai fidia kabla ya miezi 12. Makanga na madereva walioajiriwa, njia yao ni hiyo hiyo.

Kwa wengine wote, mambo huanzia kituo cha polisi. Ripoti ajali, uchukue abstrakti, kwa sababu ndiyo yenye nambari ya gari na jina la kampuni ya bima. Weka kila karatasi ya hospitali, hata risiti ya dawa ya shilingi 50. Kesi lazima ifunguliwe kabla ya miaka 3, na mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 hushtaki kupitia kwa mzazi au mlezi. Halafu usitie sahihi karatasi ya broka yeyote anayekujia kitandani ukiwa bado umelewa dawa. Hao hufika hospitalini mapema kuliko jamaa zako!

Faili ya kaka imefunguliwa na daktari ameshapima mkono wake. Watoto wa Susu waliuza ng'ombe wawili kulipia nyonga. Siku hizi anatembea kwa mkongojo, na ndengu zake huenda sokoni kwa punda.