Bastola Kutoka Kiwanda cha Cherehani

Miongoni mwa bastola za Vita vya Pili vya Dunia zinazosakwa zaidi na wakusanyaji wa Marekani, mojawapo ilitoka katika kiwanda cha cherehani. Mtengenezaji ni Singer, jina lilelile la rangi ya dhahabu lililoandikwa kwenye mashine nyeusi za mafundi wa barazani. Zilitengenezwa 500 tu.

Muundo wake si adimu. Ni M1911A1, bastola iliyobuniwa na John Browning, ikapokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911 na kurekebishwa kidogo katika miaka ya 1920. Magazini yake hubeba risasi saba zenye kipenyo cha milimita 11.43. Katika miaka ya vita hivyo zilitengenezwa karibu milioni 1.9. Kilicho adimu ni chapa ya mtengenezaji.

Kufikia mwaka 1940, vita vikiwa vimeanza Ulaya, jeshi la Marekani lilikuwa limekwishatambua kwamba viwanda vya silaha peke yake visingetosha. Lilikuwa likizipa kampuni za kiraia oda za mafunzo: kampuni itengeneze idadi ndogo, ijifunze kazi, na iandae mitambo ya uzalishaji mkubwa. Singer ilizitengeneza bastola zake katika mji wa Elizabeth, jimbo la New Jersey, na kuzikabidhi mwaka 1941. Oda ikaishia hapo. Jeshi liliona heri ustadi wa mafundi waliozoea vipuri vidogo visivyovumilia kosa la kipimo utumike kwenye vifaa vya kulengea mizinga ya kutungulia ndege. Kazi ya bastola ikabaki kwa wengine, wakiwemo Remington Rand, watengenezaji wa taipureta, waliotoa karibu 900,000 kabla vita havijaisha.

Bastola za Singer zilipelekwa kutumika katika jeshi la anga, wala hakuna aliyeziweka akiba. Nyingine zilipotea, nyingine zikaharibika. Zilizofikishwa karakana za jeshi zilifunguliwa na vipuri vyake kuchanganywa na vya watengenezaji wengine, kama Colt au Ithaca, kisha zikapakwa rangi upya. Ndiyo maana Singer iliyobaki na vipuri vyake vyote vya awali ni nadra kuliko hesabu hiyo ya 500 inavyoonyesha.

Mkusanyaji huanza kwa kuangalia ubavu wa kushoto wa sehemu ya juu, inayorudi nyuma risasi inapotoka. Hapo pamechongwa S. MFG. CO., na chini yake ELIZABETH, N.J., U.S.A. Namba ya bastola huwa kati ya S800001 na S800500. Huwepo pia herufi JKC za mkaguzi wa jeshi, Kanali John K. Clement. Chuma chake kina weusi wa kung'aa wenye samawati, tofauti na kijivu kilichofifia cha bastola nyingi zilizofuata.

Thamani ya chapa hiyo inaonekana sokoni. Mwaka 2018, shirika la Civilian Marksmanship Program lilianza kuwauzia raia M1911 za kawaida kutoka maghala ya jeshi kwa dola 850 hadi 1,050, kulingana na hali yake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Singer moja ilipata dola 414,000 katika mnada wa Rock Island Auction Company, karibu mara 400 ya bei ya juu kati ya hizo. Idadi haiongezeki tena, na nyingi zimekwishaingia mikononi mwa watu wasio na haraka ya kuuza.

Penye pesa nyingi, waghushi hawakosekani. Wapo wanaosaga chapa ya kampuni nyingine na kupiga ya Singer mahali pake. Wataalamu hutumia kioo cha kukuzia, wakikagua kina cha herufi na mikwaruzo ya kusagwa, kisha huangalia karatasi zinazoonyesha silaha imepitia kwa nani. Hasara nyingine huletwa na mwenye mali mwenyewe: anayeisugua kwa msasa ili ipendeze huondoa rangi ya kiwandani, na thamani huondoka nayo.

Kisheria, silaha iliyotimiza miaka 50 huweza kuhesabiwa Marekani kuwa kumbukumbu ya kihistoria, na mkusanyaji huweza kupewa leseni maalumu. Hata hivyo, bado ni bastola inayofyatuka na kuua, na sheria za silaha zinaendelea kumbana anayeimiliki.