Mshubiri: Uupande, Bali Usiunywe

Msomaji wa Kitengela au Kajiado, mshubiri utakufaa: majani yake huweka akiba ya maji, hivyo hustahimili kiangazi. Usiupande katika ule udongo mweusi unaotuamisha maji, mizizi itaoza. Tumia chungu chenye matundu, changanya udongo na mchanga, uweke penye mwangaza, na umwagilie tu udongo ukikauka kabisa.

Ukiungua kidogo jikoni, tangulia na maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, ndipo upake ute wa ndani ya jani. Lakini utomvu wa manjano ulio chini ya ganda usiunywe: huleta kuhara kukali, na kwa mjamzito ni hatari. Ukiungua sana, nenda hospitali mara moja.