Kifaru Hakiendi Vitani Peke Yake

Wajukuu zangu wa Kumsenga, nimewasikia mkibishana juu ya kifaru. Mmoja anasema hakuna kinachokiweza. Mwingine anaapa kwamba kwenye mchezo wa kompyuta amekiona kikizingirwa na wadudu mpaka kikabaki moshi mtupu. Sogeeni niwaeleze, kwa sababu mchezo huo naujua, na vita vya vifaru nchi yetu ya Tanzania imevipigana kwelikweli.

Mchezo wenyewe unaitwa StarCraft. Ulitoka mwaka 1998, kazi ya kampuni ya Kimarekani iitwayo Blizzard. Hadithi yake ni ya miaka mingi ijayo: binadamu wamehamia sayari za mbali, na huko wamekutana na Zerg, viumbe wakali kama wadudu wanaovamia kwa makundi. Mchezaji hashiki bunduki. Yeye ndiye jemadari. Anachimba madini, anavuna gesi, anajenga viwanda, anaunda jeshi, halafu anaamua nani aende wapi na nani abaki kulinda nyumbani. Katika jeshi la binadamu, silaha inayoogopwa sana nchi kavu ni kifaru kiitwacho Siege Tank.

Kitazameni vizuri kifaru hicho. Kikiwa safarini kinatembea kwa minyororo yake na kupiga walio karibu, basi. Lakini ukikiamuru kijikite, kinasimama, miguu ya chuma inachomoka ubavuni na kukandamiza ardhi, na mzinga mrefu unainuka. Hapo kinapiga umbali wa vyumba 12 vya ramani, yaani miraba ya kupimia umbali. Hakuna askari wa nchi kavu katika mchezo ule anayefika mbali hivyo.

Sasa sikilizeni bei ya nguvu hiyo. Kikishajikita hakiwezi kusogea hata hatua moja. Mkono wake unafika vyumba 12, lakini macho yake yanaona vyumba 10 tu, kwa hiyo bila mwenzake wa kukitangulia na kukionyesha, adui anakaa palepale penye shabaha na kifaru hakimjui. Tena adui akishaingia mpaka miguuni pake, mzinga ule mrefu haumpati. Vifaru vya jirani vikimfyatulia yule mdudu ili kumwokoa mwenzao, kombora linapasuka na kumuumiza mdudu pamoja na mwenzao huyo. Mchezaji mgeni anaunda vifaru vingi, anavipanga uwanjani bila askari wa miguu, na dakika chache baadaye anashangaa vimekwenda wapi.

Msidhani udhaifu huo ni wa mchezoni tu. Ajabu ni kwamba kifaru kilianza kwenye hadithi za kubuni kabla hakijafika vitani. Mwaka 1903 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitunga hadithi ya mashine za chuma zinazotambaa juu ya mahandaki na kuwasambaratisha askari. Watu wakasoma, wakaona ni ndoto. Septemba 15, 1916, huko Somme nchini Ufaransa, Waingereza wakaingiza vifaru vitani kwa mara ya kwanza. Vingi viliharibika au kukwama kabla ya kufanya lolote.

Chukueni T-55, kifaru cha Kisovieti kilichofika mpaka Afrika Mashariki. Kina tani 36 hivi na mzinga wenye tundu la milimita 100. Ndani mnakaa watu wanne: kamanda, mpiga mzinga, mpakia makombora na dereva. Vifuniko vikifungwa, wanachungulia nje kupitia vioo vidogo.

Haya, kileteni hapa kwetu mwezi wa Machi, mvua ikiwa bado haijakata. Mnaijua ardhi yetu nyekundu ikilowa. Mnajua Fuso lililobeba maharage linavyoteleza kwenye mteremko, vijana wanashuka, wanakata matawi na kuyasukumia chini ya matairi, na bado linaweza kulala palepale mpaka asubuhi. Kifaru kina minyororo, kwa hiyo kitapita mahali pengi ambapo Fuso halipiti. Lakini kikifika bondeni, kwenye daraja la mbao lililojengwa kwa ajili ya pikipiki na magari madogo, tani 36 zitapita wapi? Na adui aliyejificha mgombani, hatua chache tu kutoka barabarani, wale wanne ndani watamwonaje? Lazima watu watangulie kwa miguu. Wapime daraja, wachungulie migomba, na wenye mafuta wafuate nyuma.

Hayo ndiyo yaliyotokea Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya rais wa Uganda, Idi Amin, yalivuka mpaka wetu, na Novemba 1 Amin akatangaza kwamba ardhi yote hadi Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Daraja la Kyaka, juu ya mto huo, likavunjwa kwa baruti. Mto ule mmoja ukasimamisha vifaru vya pande zote mbili. Nguvu ya mizinga haikusaidia kitu pale. Kilichosaidia ni askari wa Jeshi la Wananchi waliotandika daraja la muda juu ya maji mwezi huohuo wa Novemba, jeshi likavuka. Wakati huo mgambo walikuwa wanaitwa kutoka vijijini, na jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 likapita 150,000 kwa muda mfupi.

Pale Lukaya, kusini-magharibi mwa Kampala, ndipo napataka mpakumbuke. Barabara ya kutoka Masaka inapita katikati ya bwawa la mafunjo, na gari zito likitoka barabarani linazama. Machi 10, 1979, brigedi yetu ya 201 ilikutana hapo na kikosi cha Libya, kilichotumwa na Muammar Gaddafi kumwokoa Amin. Kilikuja na vifaru vya T-55 na roketi za Katyusha. Roketi zilipita juu ya vichwa vya askari wetu, lakini wengi walikuwa wageni wa vita, na mlio ule peke yake uliwarudisha nyuma.

Brigedi yetu nyingine, ya 208, ilikuwa mbali upande wa magharibi wa bwawa. Ikaamriwa igeuke. Askari wake wakatembea usiku kucha porini mpaka wakaikuta barabara ya Kampala, nyuma ya adui. Kulipokucha Machi 11, 201 ikapiga kutoka kusini na 208 ikapiga kutoka nyuma. Walibya wakapoteza watu wengi na wakakimbilia Kampala. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, Kampala yenyewe ikaanguka.

Jambo moja mchezo hauwezi kuwaonyesha. Kwenye StarCraft kifaru kinagharimu madini 150 na gesi 100. Kikilipuka unaunda kingine kabla chai haijapoa. Katika T-55 walikuwamo watu wanne, na kila mmoja alikuwa na mama. Walibya wale walikuwa nao, na vijana wetu waliolala pembezoni mwa bwawa vilevile. Wanajeshi wetu wengi waliokufa katika vita hivyo wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na kila Julai 25 taifa linawakumbuka.

Chezeni mchezo wenu, sikatazi. Unafundisha kupanga, kusubiri na kutotuma mtu mahali usipopaona. Ila nawaomba kitu. Kama nyumbani kwenu, au Kibondo, au kwa ndugu zenu Kasulu, yupo mzee aliyekwenda Kagera, nendeni mkamsalimie. Mpeni shikamoo yake, kaeni chini, mwambieni awaeleze alivyotembea, alikula nini na aliogopa nini. Chukueni daftari muandike. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amepita 60, na wenzake wanapungua kila mwaka.