Mazungumzo ya 14: Mvinyo Mezani, Watoto Nyumbani

Leo tuzungumzie jambo la furaha: kuwaalika marafiki nyumbani kwa chakula cha jioni na kuonja mvinyo pamoja.

Hapa kwetu Ngoliba na Thika, kumpa mgeni kinywaji ni desturi ya tangu zamani. Muratina ya asali au ya miwa hutolewa katika ruracio, na wazee wetu waliihesabu kuwa kinywaji cha watu wazima waliokwisha kulea. Watoto hawakuigusa. Siku hizi akina mama wa chama hukutana kwa mmoja wao, kila mmoja na chupa yake, waonje na kulinganisha. Kukutana ni kuzuri. Lakini kumbuka, mama, kwamba watoto nao wamo katika nyumba hiyo hiyo.

Kwanza, chagua kinywaji kwa makini. Nunua duka lenye leseni, chupa ambayo haijafunguliwa. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki Nairobi baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Methanoli haitambuliki kwa ulimi wala kwa pua. Hata mwonjaji hodari hawezi kuijua.

Pili, wape wageni chakula kabla ya chupa kufunguliwa. Irio, kuku au nyama na mboga tumboni hupunguza kasi ya pombe kuingia katika damu. Weka maji mengi mezani. Kuonja ni kidogo tu: vijiko 2 vya mezani, yaani mililita 30. Mkionja aina 5, kila mtu amekunywa mililita 150, ambayo ni glasi moja nzima. Chupa ya mililita 750 ina glasi 5 za namna hiyo. Ukimwaga bila kupima, utapoteza hesabu mapema.

Tatu, mfikirie rafiki mjamzito. Pombe hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, na inaweza kudhuru ubongo wake maishani. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, hata cha kuonja. Mwekee juisi ya matunda katika glasi nzuri kama za wenzake, na mtu yeyote asimshurutishe.

Mama anayenyonyesha naye ajue kwamba pombe iliyo katika damu iko pia katika maziwa. Akipenda kuonja, amnyonyeshe mtoto kwanza, kisha asubiri saa 2 hivi kwa kila glasi. Kukamua maziwa na kuyamwaga hakuharakishi pombe kutoka mwilini. Na usiku huo asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga, kwa maana usingizi wa pombe ni mzito na anaweza kumlalia.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi husahau. Wageni wameondoka, umechoka, unasema vyombo vitaoshwa kesho. Asubuhi mtoto anaamka kabla yako. Anaona mezani kitu chekundu kama juisi, anakunywa kilichobaki katika glasi hii na ile. Mwili wake ni mdogo, na pombe inaweza kushusha sukari katika damu yake hadi apoteze fahamu. Kwa hiyo, kabla ya kulala, mwaga mabaki yote, osha glasi, na chupa ziweke juu, mahali palipofungwa.

Je, mtoto akinywa? Dalili ni kutapika, kuyumbayumba, usingizi usio wa kawaida, ngozi baridi, kupumua polepole au degedege. Usingoje dalili zote. Usimtapishe, wala usimpe kahawa. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe maji yenye sukari. Akizirai, usimpe kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mfunike apate joto, mpeleke mara moja kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Thika. Beba ile chupa, daktari aione.

Mwisho, panga mapema jinsi wageni watakavyorudi. Aliyekunywa asiendeshe gari wala bodaboda kwenye barabara ya Garissa usiku. Chagueni dereva asiyeonja, au tandika mikeka walale.

Mama, kinga ni bora kuliko tiba. Karamu nzuri ni ile ambayo wote walioingia mlangoni, na wote waliolala chumbani, wameamka salama.

Maswali ya kujadili na wenzako:
1. Nyumbani kwako, pombe huwekwa wapi? Mtoto anaweza kuifikia?
2. Tunawezaje kumkaribisha rafiki asiyekunywa bila kumwaibisha?
3. Mtoto akinywa pombe usiku, utapata usafiri kwa nani?