Wasimamizi Wawili wa Ghala Moja: Mgongano wa Visakinishi katika Kompyuta ya Mwanaisimu

Uchunguzi wa Kiswahili hutegemea kompyuta kwa kazi nyingi: kuhesabu maneno ya kongoo, yaani mkusanyiko mkubwa wa matini, kuchambua viambishi na kutayarisha kamusi. Zana za kazi hizo aghalabu huandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Python. Mojawapo ni NLTK, iliyoanzishwa mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mtafiti anayezisakinisha katika mfumo endeshi wa Debian hukuta wasimamizi wawili wa vifurushi, nao hawapatani sikuzote.

Wa kwanza ni apt, msimamizi wa mfumo endeshi wenyewe. Huyu huleta vifurushi vilivyokwisha kupimwa pamoja, akaandika kila kimoja katika daftari lake. Wa pili ni pip, wa lugha ya Python, aliyeanza mwaka 2008. Huyu huleta toleo jipya kutoka hazina ya Python, bila kuliandika katika daftari la mwenzake.

Kwa msomaji wa Bunia, mfano wa karibu ni ghala la mgodi kama ile ya Kilo. Mtunza ghala akiwa na daftari moja, hujua kila kipuri kinafaa pampu ipi. Akija mtunza wa pili mwenye daftari lake, akaweka kipuri kipya mbele ya kile cha zamani, fundi atachukua kilicho mbele, na pampu itakwama ingawa daftari la kwanza halionyeshi kasoro yoyote.

Ndivyo ilivyo katika kompyuta. Kifurushi kilichowekwa na pip kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo hukaa mahali ambapo Python hutafuta kwanza. Kwa kuwa baadhi ya zana za Debian zimeandikwa kwa Python, nazo hukichukua hicho hicho, zikaharibika. Pale ambapo intaneti hununuliwa kwa kipimo, kusakinisha upya ni hasara ya fedha na ya siku za kazi.

Kwa sababu hiyo, tangu Debian 12, iliyotolewa Juni 2023, pip hukataa kugusa eneo la mfumo. Kumlazimisha kunawezekana, lakini ni kurudia hatari ile ile. Njia salama ni mazingira pepe, yaliyoingizwa katika Python 3.3 mwaka 2012: kila mradi hupewa folda yake, pip akafanya kazi humo tu. Folda ikiharibika hufutwa, na mfumo hubaki salama. Gharama yake ni nafasi ya diski; hivyo, toleo la apt likitosha, litumike hilo.

Isitoshe, orodha ya matoleo yaliyotumika ihifadhiwe pamoja na kongoo. Bila orodha hiyo, mtafiti mwingine hawezi kuwa na hakika kwamba tofauti ya hesabu imetokana na lugha, wala si na zana.