Helikopta ya mchezo: kazi kubwa inafanywa chini, kabla ya kuruka

Mchimbaji akishuka kutoka Misisi ao Kamituga kuja kuona jamaa Uvira, watoto hawamwulizi habari za shimo. Wanamwuliza ameleta nini. Kama mwezi ulikuwa mzuri na makuta imeonekana, mmoja atamshika mkono: « Papa, uniuzie ile elikopta yenye telekomandi. » Baba anaangalia boksi, anaona picha ya kitu kinachoruka, anasema ni kitu cha mtoto. Analipa, anabeba.

Makala hii ni kwa huyo baba, kwa mama atakayebaki nyumbani na hicho kitu baba akirudi mgodini, na kwa kijana atakayeshika telekomandi. Neno lake ni moja: helikopta, hata ndogo, ni mashini. Hakuna mchimbaji mwenye akili anayeshuka shimoni kwanza halafu aulize kama miti inategemeza vizuri. Anagonga miti, anaangalia kamba, anasikiliza udongo, njo anashuka. Helikopta ni vilevile.

Mapanga ni mapanga

Kwa Kiswahili, zile mbao zinazozunguka juu zinaitwa mapanga, na jina halikukosea. Hesabu ni nyepesi. Panga lenye sentimita 35 toka katikati hadi ncha, likizunguka mara 2,500 kwa dakika, ncha yake inakimbia mita zaidi ya 90 kwa sekunde. Hiyo ni karibu kilometa 330 kwa saa. Hakuna gari la barabara ya Uvira-Baraka lililowahi kufika hapo.

Mwezi wa Septemba 2013, kule New York, Marekani, kijana wa miaka 19 aliuawa na helikopta yake mwenyewe ya mchezo, katika uwanja ambao watu wanakwenda kurusha. Hakuwa mgeni wa mchezo huo. Ile yake ilikuwa ya aina kubwa, lakini funzo linafika hata kwa ile ya wastani: jicho na vidole haviwezi kushindana na mapanga.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza ni ya aina gani. Kuna ndogo nyepesi zenye mapanga ya plastiki ya ngazi mbili, moja juu ya nyingine, zinazozunguka kinyume. Hizo zinatulia zenyewe hewani, na mtoto anaweza kuanza nazo ndani ya nyumba, mkubwa akiwa karibu. Aina nyingine iko na ngazi moja ya mapanga juu na panga dogo kwenye mkia. Hilo dogo si pambo: mapanga ya juu yakizunguka upande mmoja, mwili unataka kuzunguka upande wa pili, na panga la mkia linaukataza. Aina hii ni ya mtu mzima, ao ya kijana mkubwa aliye na mtu wa kumfundisha.

Kazi ya mezani

Usiirushe siku inapotoka katika boksi. Weka kitambaa safi mezani, uchomoe nyaya za moteri, juu ya moteri isije ikawaka wakati vidole viko kati. Kama nyaya hazichomoki, toa mapanga. Halafu fuata kazi hizi.

Kwanza, visi na bulo. Gusa kila moja. Helikopta inatetemeka, na visi iliyolegea mezani itatoka hewani. Fasi ambapo chuma kinashika chuma, weka tone la gundi ya visi.

Pili, mapanga yenyewe. Yawe jozi moja, ya uzito mmoja. Yapime kama mizani ya négociant: lile jepesi, ulifunge kipande kidogo cha skochi mpaka yawe sawa. Panga lenye ufa halibandikwi gundi hata siku moja. Linatupwa.

Tatu, uzito wa mwili. Weka betri fasi yake bila kuiunganisha, inua helikopta kwa kushika kichwa chake pale mapanga yanapofungwa. Ikiinama mbele, sogeza betri nyuma. Ikiinama nyuma, sogeza mbele. Ikae sawa na ubao uliolala.

Nne, ile sahani iliyo chini ya mapanga, inayoinama mbele, nyuma na kando unaposukuma vijiti. Vijiti vikiwa katikati, sahani ilale sawa kabisa. Sukuma kijiti mbele, nayo iiname mbele. Ikienda kinyume, badilisha mwelekeo katika telekomandi mbele ya kwenda mbali zaidi.

Tano, jiroskopu, kile kiboksi kidogo kinacholinda mkia. Moteri ikiwa bado imechomolewa, washa telekomandi na uunganishe betri. Zungusha mkia kwa mkono, uone panga la mkia linageuza ubavu wake ili kupinga mwendo wako. Kama linakusaidia badala ya kukupinga, iko kinyume, na helikopta itazunguka kama pia mara tu itakapoinuka.

Mwisho, mawasiliano. Mwachie mtu mmoja helikopta, moteri bado imechomolewa, wewe tembea na telekomandi hatua 30, ukisukuma vijiti. Sahani iendelee kutii. Tena, kitabu cha mashini kinaeleza namna ya kuiamuru ikate moteri yenyewe ikipoteza telekomandi. Fanya hivyo, halafu ujaribu: zima telekomandi, uone kama amri ya moteri inakatika.

Betri: moto uliofungwa

Ndani ya betri nyingi za namna hii mna kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu, Lualaba na Haut-Katanga. Ile bati inayounganisha vipande vya umeme inatokana na kasiteriti. Mchimbaji anashika mkononi mawe ya ndugu zake yaliyotembea dunia nzima na kurudi. Lakini betri hii haina urafiki na mtu.

Kila chumba chake kinajaa kwa volti 4.2, si zaidi. Kikishuka chini ya volti 3, kinaharibika. Ikivimba kama maandazi, kazi yake imekwisha, usiichaji tena. Tumia chaja yake, ile inayosawazisha vyumba, si chaja ya simu wala nyaya za kufungafunga. Usiiache inachaji usiku watu wakilala, wala juu ya kitanda ao mkeka. Weka kwenye sementi, ao ndani ya chungu chenye mchanga, mbali na mafuta ya petrole na nguo, na mtu akae hapo. Ikishika moto, moshi wake ni sumu. Toa watoto kwanza.

Tena, isilale imejaa wiki mbili ukingoja siku ya kurusha. Iache karibu nusu, kama volti 3.8 kwa kila chumba.

Fasi na upepo

Kando ya Tanganyika upepo uko na ratiba. Mchana jua likipasha nchi kavu, upepo unatoka ziwani unakuja mjini. Usiku unageuka, unashuka toka milima ya Mitumba kwenda ziwani. Wavuvi wanaishi na hesabu hiyo. Mwenye helikopta atafute ile saa ya katikati, asubuhi mapema, wakati majani hayatikisiki. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa upepo wa kusini unaweza kuwa mkali, basi wengine wote wangoje.

Ufukwe unavutia macho, lakini mchanga unaingia katika moteri, na maji hayarudishi kitu. Isitoshe, ziwa lilipopanda mwaka 2024 lilikula fasi nyingi zilizokuwa wazi. Kati ya nyumba za Mulongwe ao Kasenga hakuna nafasi: kuna nyaya za umeme, nguo zimeanikwa, watoto wanatokea kila pembe. Tafuta uwanja mpana, wenye udongo mgumu ao majani mafupi, usio na njia ya watu wala ng'ombe.

Mwenye kuishi juu kwenye Haut-Plateau ajue jambo lingine. Uvira iko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Milima nyuma yake inafika zaidi ya mita 3,000, na kule hewa imepungua karibu robo ukilinganisha na pwani. Mapanga yanashika hewa kidogo, moteri inafanya kazi zaidi, betri inaisha mapema. Mashini iliyotii vizuri mjini itakuwa nzito kule juu.

Watu wanaangalia anga

Hili si jambo la mashini, lakini ndilo linaloweza kuleta matata makubwa kuliko yote. Tangu Desemba 2013, MONUSCO ilipoanza kurusha drone zake Goma, watu wa Kivu wamejua kwamba kitu kidogo angani kinaweza kuwa macho ya mtu. Februari 2024 uwanja wa ndege wa Goma ulipigwa kwa drone. Desemba 2025 vita viliingia Uvira yenyewe. Mama aliyekimbia na watoto usiku hataki kusikia ule mlio juu ya paa lake, na askari mwenye bunduki hawezi kujua toka mbali kama kile ni cha mchezo.

Basi, usirushe bila kumwambia shefu wa avenyu na shefu wa kartie, na majirani wajue siku na saa. Usikaribie kambi, bandari ya Kalundu, mpaka wa Kavimvira wala uwanja wa ndege. Usiku, hapana. Yenye kamera ni habari nyingine: anga ya Kongo inasimamiwa na Autorité de l'Aviation Civile, na ruhusa inaombwa mbele. Na kama fasi yenu haina utulivu, helikopta ibaki katika boksi. Haiozi.

Siku ya kwanza

Chini ya miguu ya helikopta funga msalaba wa fito nyepesi za mwanzi, na kwenye kila ncha kimpira chepesi. Utaizuia isipinduke. Watazamaji wote wasimame nyuma ya mrushaji, mbali, hakuna mtoto wa kukimbia mbele. Aliyekunywa kasiksi hagusi telekomandi.

Kijiti cha nguvu kikiwa chini kabisa, washa telekomandi kwanza, halafu unganisha betri ya helikopta. Siku zote kwa mpango huo. Weka helikopta chini, mkia ukikuelekea wewe, ili kushoto yake iwe kushoto yako. Rudi nyuma hatua kumi na zaidi. Ongeza nguvu polepole. Siku ya kwanza isiruke: iteleze tu chini, ujue inavyotii. Halafu sentimita 30. Hapo itayumba, juu ya upepo wake mwenyewe unagonga udongo na kurudi. Ikienda usikotaka, usipigane nayo: shusha, kata nguvu, upumue.

Weka saa ya simu ilie baada ya dakika nne, ushuke kabla betri haijachoka. Ukimaliza, kata moteri, ungoje mapanga yasimame kabisa ndipo usogee. Chomoa betri ya helikopta kwanza, halafu zima telekomandi. Usiidake kwa mkono hata siku moja, hata ikianguka kuelekea majini. Panga jipya linanunuliwa. Jicho halinunuliwi.

Kijana atakayeshika haya amejifunza zaidi ya mchezo. Mwaka 2018 drone zilibeba dawa toka Mwanza kuvuka Ziwa Viktoria mpaka kisiwa cha Ukerewe, kilometa 60 kwa dakika kama 40. Zanzibar vijana wa chuo walirusha drone kuchora ramani ya visiwa vyao vyote. Kazi hizo zinataka mtu anayegusa kila visi kabla ya kuondoka. Anunue kaye, aandike kila mruko: tarehe, upepo, betri gani, kitu gani kililegea. Baba akirudi toka mgodini, asome ile kaye kwanza kabla ya kusema « haya, tukarushe ».