Mahitaji ya miradi ya uhandisi: Ni programu ipi inayofaa kuyasimamia?

MNAMO Agosti 8, 2022, siku moja tu kabla ya Uchaguzi Mkuu, wakazi wa Kaunti ya Kakamega waliarifiwa kwamba hawangemchagua gavana wao keshoye. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), ikiongozwa wakati huo na marehemu Wafula Chebukati, ilitangaza kwamba karatasi za kura za ugavana, zilizochapishwa nchini Ugiriki, zilikuwa na picha na maelezo yasiyo sahihi ya wagombeaji. Kaunti ya Mombasa ilikumbwa na tatizo lilo hilo. Uchaguzi huo uliahirishwa hadi Agosti 23, kisha ukasogezwa tena hadi Agosti 29.

Karatasi ya kura si daraja wala pampu ya maji. Hata hivyo, kisa hicho kinaeleweka upesi kwa mhandisi yeyote. Kulikuwa na orodha ya kilichotakiwa: jina, picha na chama cha kila mgombeaji. Kulikuwa na mtengenezaji aliye mbali. Hatimaye ikaletwa bidhaa isiyolingana na orodha, na tofauti ikatangazwa wakati ambapo hapakuwa tena na nafasi ya kuirekebisha.

Kazi ya kuhakikisha kwamba kilichoombwa ndicho kinachotengenezwa huitwa usimamizi wa mahitaji. Zipo programu za kompyuta zilizoundwa mahsusi kwa kazi hiyo, nyingine zikiwa za bure na nyingine zikiuzwa kwa leseni ghali. Swali linalozikabili ofisi za kaunti, wanakandarasi na hata wanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, mjini Kakamega, ni ipi kati ya hizo inayowafaa.

Hitaji ni nini?

Hitaji ni sentensi inayotaja jambo moja ambalo mradi lazima utimize, kwa namna inayoweza kupimwa. Tuseme kijiji kinataka kisima cha kuchimbwa kwa mashine. Kusema kwamba "pampu iwe imara" si hitaji, kwa sababu hakuna awezaye kuthibitisha uimara usio na kipimo. Kusema kwamba "pampu itoe lita 5,000 za maji kwa saa kutoka kina cha mita 60" ni hitaji, kwani fundi anaweza kulipima akiwa na saa na tangi. Na kwa kuwa Kakamega ni eneo linalojulikana kwa ngurumo na radi za mara kwa mara, hitaji jingine lingekuwa kwamba mitambo ya umeme ya kisima iwe na kinga dhidi ya radi.

Umuhimu wa kuandika kwa vipimo ulidhihirika kote nchini katika uchaguzi wa Machi 4, 2013. Vifaa vya kielektroniki vya kuwatambua wapiga kura vilikwama katika vituo vingi, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni betri kuisha chaji mahali pasipokuwa na umeme. Vituo vya kura nchini hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, yaani saa 11 za kazi. Hitaji la kifaa cha aina hiyo huandikwa kwa hesabu ya saa, na hupimwa katika chumba kisicho na umeme miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Mizani ya mambo matano

Programu za kusimamia mahitaji ni nyingi na kila muuzaji huisifu yake. Ili kuzilinganisha kwa haki, inafaa kuzipima kwa mambo matano.

Kwanza, je, kila hitaji linapewa nambari yake isiyobadilika, hata orodha inapopangwa upya? Pili, je, programu inahifadhi historia, ikionyesha nani alibadilisha nini na lini? Tatu, je, inaweza kuunganisha hitaji na chanzo chake, mchoro unaolitekeleza na jaribio linalolithibitisha? Nne, je, inaweza kufunga nakala iliyoidhinishwa, ili pande zote mbili zijue ni toleo gani lililotiwa saini? Tano, je, mwenye mradi anaweza kuzitoa data zake na kuzihamishia kwingine pindi mkataba wa leseni unapokwisha?

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Tukirejea kwenye kisima, tuseme idadi ya wanakijiji imeongezeka na hitaji la lita 5,000 limekuwa lita 8,000 kwa saa. Ukubwa wa pampu sharti uangaliwe upya, pamoja na kipenyo cha mabomba, idadi ya paneli za jua na jaribio la kukabidhi mradi. Programu yenye viungo humwonyesha mhandisi mambo hayo yote mara moja. Isiyokuwa navyo humwachia ayakumbuke mwenyewe, na kimoja kikisahaulika mradi hukabidhiwa ukiwa na kasoro.

Lahajedwali: rahisi lakini ina mipaka

Katika ofisi nyingi, chombo kinachotumika ni lahajedwali, aghalabu Microsoft Excel au LibreOffice Calc isiyo na malipo. Faida yake ni kwamba karibu kila karani na kila mhandisi anaijua, na hufanya kazi bila intaneti. Kwa mradi wenye mahitaji machache na watu wawili au watatu, lahajedwali iliyotunzwa vizuri inatosha.

Matatizo huanza watu wanapoongezeka. Faili hutumwa kwa barua pepe, kila mmoja anahifadhi nakala yake, na baada ya wiki chache zinakuwapo faili tano ambazo kila moja inaitwa ya mwisho. Lahajedwali za mtandaoni, kama Google Sheets, hupunguza tatizo hilo kwa kuhifadhi historia ya mabadiliko. Hata hivyo, viungo kati ya hitaji na jaribio bado huandikwa kwa mkono, na hakuna kinachomtahadharisha mtu kwamba hitaji limebadilika ilhali jaribio lake limebaki lile la zamani.

Programu huria: bure, lakini zataka ujuzi

Kundi la pili ni la programu huria, ambazo hazina ada ya leseni. Mojawapo ni Doorstop. Katika programu hii, kila hitaji huwa faili ndogo ya maandishi inayohifadhiwa pamoja na kazi nyingine za mradi katika mfumo wa kutunza matoleo, kama vile Git, ambao ulibuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Historia yote hubaki humo. Hitaji mama linapobadilishwa, Doorstop hukitilia shaka kiungo cha hitaji lililo chini yake hadi mtu akipitie na kukithibitisha upya.

Nyingine ni StrictDoc, ambayo pia huhifadhi mahitaji kama maandishi ya kawaida lakini ina kurasa za kusomea na kuhariria kupitia kivinjari cha intaneti. Zote mbili zaweza kutumika kwenye kompyuta ya mkononi bila mtandao, na kazi ikaunganishwa baadaye. Hilo si jambo dogo kwa mhandisi anayefanya kazi mashinani ambako mawimbi ya simu ni hafifu.

Upungufu wake ni kwamba zilibuniwa kwa watu waliozoea kuandika programu. Mhandisi wa barabara asiyewahi kutumia Git atahitaji mafunzo, na afisa wa ununuzi huenda asizielewe kabisa. Fauka ya hayo, hakuna muuzaji wa kupigiwa simu mambo yanapokwama, isipokuwa ofisi iwe na mtaalamu wake.

Programu za kibiashara: nguvu kwa gharama

Kundi la tatu ni la programu za kibiashara. Iliyo kongwe na maarufu zaidi kati yake ni DOORS. Ilianzia katika kampuni ya QSS ya Uingereza, ikapita mikononi mwa Telelogic ya Uswidi mwaka 2000, kisha IBM ya Marekani ikainunua Telelogic mwaka 2008. DOORS ilijijengea sifa katika miradi ya ndege, reli na zana za ulinzi, ambako mahitaji huhesabiwa kwa maelfu na kazi huchukua miaka mingi. Inashinda katika viungo, historia na nakala zilizoidhinishwa. Lakini inahitaji seva, msimamizi aliyefunzwa na muda wa kuizoea.

Katika kundi hilo mna pia Polarion, iliyonunuliwa na Siemens mwaka 2016, Codebeamer, iliyonunuliwa na PTC mwaka 2022, na Jama Connect ya kampuni ya Jama Software ya Marekani. Hizi hutumiwa kupitia kivinjari, na huunganisha mahitaji, majaribio na uidhinishaji mahali pamoja. Kwa mtumiaji asiye mtaalamu wa kompyuta, ni rahisi kuzizoea kuliko Git. Gharama zake hutegemea idadi ya watumiaji na mapatano na muuzaji, na zinapowekwa kwenye seva za mbali, kazi husimama intaneti inapokatika.

Sheria yasemaje?

Ofisi ya umma haiwezi kuchagua jina la programu na kulitangaza kwenye zabuni. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 kinaagiza kwamba mahitaji ya kinachonunuliwa yawe wazi, sahihi na kamili, na yaruhusu ushindani wa haki. Kinakataza pia kutaja nembo ya biashara isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza kinachotakiwa, na hata hapo lazima iongezwe kwamba bidhaa iliyo sawa nayo itakubaliwa.

Kwa maneno mengine, kaunti inayotaka programu ya kusimamia mahitaji inalazimika kwanza kuandika mahitaji ya programu yenyewe. Mambo matano yaliyotajwa hapo juu yanaweza kuwa msingi wa zabuni hiyo. La tano lisisahaulike. Tangu mwaka 2011 kuna muundo wa kimataifa uitwao ReqIF, uliotokana na juhudi za watengenezaji magari wa Ujerumani, ambao huziwezesha programu tofauti kubadilishana mahitaji. DOORS, Polarion na StrictDoc ni miongoni mwa zinazouelewa. Ofisi isiyodai uwezo wa kuzitoa data zake huenda ikajikuta imefungwa kwa muuzaji mmoja miaka nenda miaka rudi.

Jaribio la siku moja

Kabla ya kununua chochote, kuna jaribio jepesi. Ofisi ichukue mahitaji 20 ya mradi wake halisi, iyaingize katika kila programu inayofikiriwa, iyaunganishe na majaribio yake, kisha ibadilishe hitaji moja. Iulize: je, programu imeonyesha kila kilichoguswa na badiliko hilo? Je, afisa ambaye hakufunzwa anaweza kusoma jibu? Je, orodha yote inaweza kutolewa na kufunguliwa kwingineko? Programu itakayofaulu kwa gharama ndogo zaidi ndiyo inayofaa, hata kama ni lahajedwali.

Kwa mradi wa mwanafunzi au wa kisima kimoja, lahajedwali yenye nambari za kudumu na mtunzaji mmoja yatosha. Kwa kikundi cha wahandisi wanaoandika programu, Doorstop au StrictDoc zina thamani kubwa bila gharama ya leseni. Kwa kazi kubwa yenye wanakandarasi wengi na uhai wa watu ndani yake, mathalan hospitali au bwawa, gharama ya programu ya kibiashara huenda ikawa ndogo ikilinganishwa na ya kubomoa na kujenga upya.

Hata hivyo, hakuna programu inayomfanyia mtu kazi ya kuhakiki. Septemba 23, 1999, shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilipoteza chombo chake cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja iliyotumika duniani ilitoa takwimu kwa vipimo vya Kiingereza badala ya vile vya metriki vilivyotakiwa. Hitaji lilikuwa limeandikwa. Halikuhakikiwa ipasavyo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenyewe nalo humfaa yule tu anayelifungua na kulisoma kabla mzigo haujapokewa.